Cherehani ya Taa

Vijana wa karakana ya mtaa walikuwa wameifunga taa ndogondogo cherehani ya marehemu mama yake Mwanakheri, kila mshono uwashe taa moja. Mwanakheri mwenyewe ndiye aliyeileta. Alichoka kuiona imekaa bure.

Wakafunga madirisha. Akakaa, akakanyaga. Taa zikakimbizana ukutani, na ule mlio wa utotoni ukarudi. Ghafla mguu ukasimama, taa zikazimika.

"Waya umekatika, shangazi?" aliuliza Tausi, mmoja wa vijana wale, bisibisi mkononi.

"Hapana, mwanangu. Mama kila akishona kidogo alikuwa anasimama, anasikiliza kama baba anabisha hodi. Kisha anaendelea."

"Alirudi?"

Mwanakheri aligeukia mlango, mguu bado umesimama. Karakana nzima ilitega sikio gizani, nyuso zote zimeelekea mlangoni.