Mwambie Anipitishie Chumvi

"Mama, mwambie mwanao anipitishie chumvi," alisema kifungua mimba.

Chumvi ilikuwa mbele ya mdogo wake, karibu kabisa. Kitinda mimba hakugeuka. Alikuwa akitoa vitunguu kwenye supu, kimoja kimoja, na kuvipanga ukingoni mwa sahani kama alivyozoea nyumbani.

Mama akaichukua chumvi, akaivusha meza. Safari hii aliipigania kwa miezi, na hiki ndicho kilikuwa chakula chao cha kwanza ugenini.

Ugomvi ulikuwa wa baiskeli. Marehemu mumewe aliacha baiskeli moja na wana wawili wa kiume, na tangu msiba ule wawili hao hawakusemezana. Kila mmoja alishikilia kwamba baba alimwahidi yeye. Mama alikuwa ameshawasihi, ameshawafokea, ameshanuna mpaka akachoka kununa. Nyumbani haikusaidia kitu. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka shughuli nje. Ndipo akapata wazo la kuwapeleka mbali, mahali wasipojua njia wala lugha, ambako anayetaka kula atakaa meza moja na wenzake apende asipende.

"Nataka tule chakula mtakachokikumbuka," aliwaambia.

Binti wa katikati, ambaye ndiye aliyeshika ramani kwenye simu, alipendekeza wachague migahawa kwa zamu. Zamu ya kifungua mimba ikawaleta kwenye supu hii kwa sababu moja tu: ilikuwa jirani na hoteli, naye alikuwa akilalamikia miguu tangu uwanja wa ndege. Supu ilikuwa maji matupu. Alipomaliza alitaka kwenda kulala, na wote wakarudi kumlaza.

Kesho yake kitinda mimba akawaburuta hadi upande wa pili wa mji, kwenye mgahawa uliojaa picha za vyakula ukutani. Akaagiza kwa kunyoosha kidole. Kikaja kitu chekundu kinachofuka moshi. Kifungua mimba alionja kijiko kimoja, machozi yakamtoka, akanywa maji yake, ya dada yake na ya mama.

"Mama, mwambie mwanao amefanya makusudi."

"Mama, mwambie hakulazimishwa."

"Mimi si simu," mama alisema. Binti akaziba mdomo kwa kitambaa ili asionekane anacheka.

Jioni ile mama alikaa ukingoni mwa kitanda bila hata kuvua viatu. Binti akamwona, akakaa kando yake.

"Kesho ni zamu yangu, mama. Nakupa wewe."

Mama hakutaka ramani. Alifuata pua. Walipita mafundi viatu, wakapita wachonga funguo, wakakata kona, wakafika kwenye mlango usio na kibao, harufu ya samaki ikitoka humo kama inayowaita. Mpishi alikuwa mwanamke mwenye aproni na mikono minene. Lugha haikuwepo. Mpishi akawatazama wale watatu, akaonyesha tumbo la mama, akainua vidole vitatu. Mama akaitikia kwa kichwa. Mpishi akajishika kiuno, akaguna kwa huruma, na wote wawili wakacheka kama mashoga wa siku nyingi.

Kisha mama akamchagua samaki mkubwa kuliko wote, akainua kidole kimoja, akaonyesha sinia.

"Mmoja kwa watu wanne, mama?" binti aliuliza.

"Kanaweni mikono."

Samaki akaja mzima, amekaangwa akakauka ngozi. Mama aliwakalisha wanawe wa kiume bega kwa bega, yeye na binti wakakaa mbele yao.

"Nikiona mtu anavuta sinia upande wake, tunaondoka."

Wakaanza kula kwa tahadhari, kila mmoja akidonoa upande wake kama anayeogopa kuungua. Mama alikuwa akimnyooshea binti ndimu alipoona jambo. Kifungua mimba alimega mnofu wa mgongoni, akaupitisha katikati ya vidole, akatoa miiba yote, halafu, bila hata kutazama, akauweka mbele ya mdogo wake. Kazi hiyo mama mwenyewe alimkabidhi, tangu siku kitinda mimba alipokwamwa na mwiba akataka kuwafia mezani. Mkono ulikuwa umeikumbuka kabla ya mwenyewe.

Kitinda mimba akautazama ule mnofu. Akaula. Akasubiri. Ukaja mwingine.

"Breki zake mbovu," akasema, macho kwenye samaki.

"Za nini?"

"Za baiskeli. Ukiipanda utaishia mtaroni."

"Najua. Ndiyo maana sikutaka uipande wewe."

Mama akainama chini ya meza kutafuta kitambaa ambacho hakikuanguka. Alikaa huko kitambo. Alipoinuka, wanawe walikuwa wakibishana kuhusu nani amekula jicho la samaki, moja kwa moja, bila kupitia kwake, na binti alikuwa akiwasuta wote wawili.

Mpishi akaleta bakuli la aiskrimu ambalo hakuna aliyeliagiza, juu yake sukari nzito ya kahawia inayonata, na vijiko vinne. Akamgusa mama begani, akarudi jikoni.

"Anza wewe, kaka," kitinda mimba alisema, akilisogeza bakuli.

Kifungua mimba akaitazama ile sukari. Kisha akageukia ukutani kwa adabu, akatoa meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, akayafunga kwenye leso, na kushika kijiko.