Shamba la Bondeni

"Wifi, nisogezee kiti," sauti ilisema nyuma yake, na Mama Vitunguu akageuka ghafla.

Kidole gumba chake kilikuwa bado kibichi kwa wino. Ndiyo kwanza ametia alama kwenye daftari la karani na kupokea pesa za serikali kwa wakulima walioathirika na korona: za shamba lake, na za shamba la bondeni, ambalo ni la wifi yake.

Alipoliandikisha shamba hilo kwa jina lake mwenyewe, wifi alikuwa wodini akipumulia mashine, na madaktari walishakata tamaa. Sasa alikuwa hapa, amekonda, anahema, anatabasamu.

"Nasikia umenimwagilia miche yangu yote," wifi alisema akiketi. "Mungu akuzidishie."

Karani alimuuliza wifi shamba lake ni lipi, akafunua kurasa. "Mama, shamba lako limeshalipwa. Limeandikwa kwa jina la huyu hapa." Akamgeukia Mama Vitunguu. "Nani alikuruhusu?"

 Mama Vitunguu akasugua wino kwenye gauni lake.

"Mimi," wifi alisema upesi. "Nilimtuma mwenyewe nikiwa hospitali."

Karani akaguna, akaita mwingine.

Walipofika nje ya ofisi, Mama Vitunguu alitoa bahasha yote ya pesa. "Wifi yangu, nilidhani..."

Wifi alishaelewa alichodhani. Aliegemea ukuta, akavuta pumzi.

"Nitafutie mtu wa kunifikisha nyumbani," alisema. "Asiwe wewe."