Onyesho la Siwema

Wakubwa wa serikali wamepiga marufuku kumtaja marehemu nyumbani; wanasema majonzi yanapunguza kazi. Wao wakifiwa sijui hufanyaje. Ruhusa ni moja tu: mtoto anayesomea uigizaji anaweza kumwigiza marehemu wake mbele ya kamera ya shule iliyofungwa nyumbani kwao, mpaka afaulu onyesho hilo.

Binti yangu Tunu anamwigiza mama yake, Siwema, akinipakulia wali. Mimi najiigiza mwenyewe, na kila jioni namharibia makusudi.

"Baba, umeitazama kamera tena."

"Macho ya uzee hayo, mwanangu. Tuanze upya."

Hucheka, maana anajua. Tukianza upya, nalitaja tena jina la mke wangu.

Jana Tunu alijifunga khanga ya mama yake, akanipakulia, kisha akanifichia ukoko chini ya wali, kama Siwema alivyozoea. Hakuna aliyemfundisha. Nikasahau kuharibu.

"Ahsante, Siwema," nikasema.

Kamera ikawaka kijani. Amefaulu.

Tunu akabaki amesimama na upawa mkononi.

"Kula, kinapoa," akasema, bado kwa sauti ya mama yake. Nami sikujua nimwitikie nani.