Neno la Mshauri Mkuu wa Wahandisi wa Jua

Ifahamike kwa wahandisi vijana wote wa nishati ya jua na upepo: Mshauri Mkuu, mhandisi mstaafu, ametoa neno. Mhandisi anayetaka cheo asipande paa siku ya kwanza. Akipanda, watamwita fundi mpaka azeeke.

Binti mmoja alilitii neno hilo. Kufikia chai ya asubuhi hakuwa tena na kazi.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza: kufunga paneli za sola kwenye paa la zahanati. Msimamizi alimpa mkanda wa usalama na spana. Viganja vilimwasha kuishika. Lakini Mshauri alikuwa ameandika kwenye kundi lao la simu, kwa Kiswahili kizito kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Mimi ni mhandisi," binti akasema. "Nitasimamia nikiwa hapa chini."

Mafundi wakaacha kazi ili wacheke vizuri.

"Samahani, mheshimiwa," msimamizi akamjibu. "Tulikuwa tunatafuta mtu wa kupanda. Wa kututazama tunaye, ni mlinzi."

Aliomba radhi. Aliomba kupanda. Alianza hata kuvua viatu vyake vya kung'aa. Mkanda ulikuwa umeshavaliwa na mwingine.

Jioni alikuwa kwenye kochi sebuleni, amemwegemea mama yake, macho yamevimba.

"Nilijua kazi ile, mama. Ningepanda tu."

"Mpigie huyo mzee wako. Kama ni mkubwa hivyo, akuombee kwa msimamizi."

"Hapokei simu. Anaandika tu. Anasema sauti yake siku hizi haimtii, mara nzito, mara nyembamba."

"Maskini, uzee huo."

"Na wakati wa mitihani hapatikani kabisa."

"Kumbe anafundisha pia! Basi watamsikiliza. Piga, mwanangu. Tuna nani mwingine?"

Hawakuwa na mwingine. Binti akafuta machozi kwa mkono wa blauzi, akapiga, midomo ikifanya mazoezi ya kubembeleza.

Simu ikaita. Ikaita kwa sauti kubwa, kwenye kochi lile lile, chini ya makalio yangu, simu ambayo nyumbani hakuna aliyejua kwamba ninayo.

Mama akageuka. Dada akageuka.

"Shikamoo, dada," nikasema. "Mstaafu ni mimi."