Mashine Inayojiendesha

Korongo, msomi wa mitambo, alizunguka viwandani akichunguza jinsi mitambo inavyosimamiwa. Fisi akamwonyesha mashine yake ya kusaga.

"Hii inajiendesha yenyewe, Profesa."

Ndani kikasikika kikohozi.

"Inahitaji grisi," Korongo akasema huku akiandika.

Mlango wa mashine ukapigwa teke. Akatoka Punda, unga mwili mzima.

"Grisi? Hata kule kiwanda cha mafuta nilikohoa hivi hivi, ukaandika grisi! Mwenzio anakufa, wewe grisi tu!"

"Rudi ndani!" Fisi akafoka. "Nani atazungusha mawe?"

"Si inajiendesha? Haya, ijiendeshe!" Punda akaenda zake.

Mashine ikanyamaza. Fisi akaitazama miguu mirefu ya Korongo.

"Profesa," akasema kwa upole, "hebu ingia humu, umalizie utafiti wako."