Abiria kutoka Ng'ambo ya Mfereji

"Shazli!"

Hakuna mtu Aleksandria aliyelijua jina hilo. Tangu ashuke kwenye treni ya kusini akiwa kijana, aliitwa Gaber, Gaber wa gari la farasi. Hata mkewe alimwita Gaber.

Aligeuka polepole. Mtu mzima mwenye kanzu ya rangi ya majivu, kilemba kimefungwa kama wanavyofunga watu wa kusini, alikuwa keshapanda na kuketi kiti cha nyuma.

"Umenifananisha, hajji. Mimi ni Gaber."

"Haya, Gaber basi." Lafudhi ilikuwa ya kijijini kwao kabisa, ila si ya upande wao. Ilikuwa ya ng'ambo ya mfereji. "Nimepita kwako asubuhi. Mkeo kaniambia nitakukuta hapa uwanjani. Kabinti kako kakaniletea maji. Kanafanana na mama yako."

Shazli aliitupia macho njia ya kwake.

Kati ya nyumba yao na watu wa ng'ambo ya mfereji kulikuwa na damu. Ilimwagika kwenye shamba la miwa, na wiki ile ile Shazli akakimbia, asikanyage tena kijijini. Mama yake mwenyewe hakumsemesha tena mpaka alipoingia kaburini. Huko kwao damu haisahauliki. Hurithiwa, kama ardhi, na watu wa kila upande huwahi kuua kabla hawajauawa.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Kwanza nionyeshe mji. Sijawahi kuona bahari. Mengine baadaye."

"Gaber!" Zaghlul, mwendesha gari mwenzake, alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Mbona uso umekuwa mweupe kama jibini? Kapanda mkweo nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Shazli alitamani kupiga ukelele, lakini je, kama huyu hakuja peke yake? Kama wengine walikuwa wameketi sasa hivi mlangoni kwake, wakinywa maji kwa mkono wa binti yake? Akatikisa hatamu. Farasi akaondoka.

Walikwenda kwenye ile nguzo kubwa ya jiwe moja wanayoijia wageni. Mgeni aliitazama kidogo tu. Kisha akataka kupelekwa kwenye makaburi ya kale, yale yaliyochimbwa chini ya ardhi.

"Nitakungoja hapa juu," Shazli alisema.

"Hapana. Tushuke wote."

Ngazi zilizunguka kisima kirefu chenye giza, na kadiri walivyoshuka ndivyo sauti za watu zilivyobaki juu. Walipofika katikati mgeni alisimama. Aliinamia ukingo wa kisima, akachungulia chini, mgongo wake wote ukimwelekea Shazli. Alikaa hivyo kwa muda.

Msukumo mmoja tu. Nani angejua? Wazee huteleza.

Shazli alinyanyua mikono. Ikamkataa, kama ilivyomkataa zamani, naye akaishusha.

Mgeni aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alimtazama Shazli kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyetarajia jambo asilione.

"Twende," alisema. "Nataka kuswali."

Katika msikiti mkubwa wa Mursi alisujudu kwa muda mrefu hata watu wakaanza kumtazama. Alipotoka, akavua saa yake ya mkononi na kumpa kipofu aliyeketi mlangoni.

"Hajji, hiyo ni saa nzuri!" Shazli alijikuta akisema.

"Sitaihitaji."

Shazli aliyaelewa maneno hayo vizuri mno. Anayegawa saa yake hategemei kurudi kwake usiku. Anategemea jela, au kitanzi.

Huko Bahari, mtaa wa wavuvi, mgeni aliagiza samaki wa kukaanga, kamba wa baharini na saladi ya ufuta. Sahani zikajaa meza. Hakuna aliyegusa kitu.

"Kula, ndugu yangu," mgeni alisema.

"Kula wewe."

Mwenye mkahawa, mama mnene mwenye bangili hadi viwikoni, akaweka mikono kiunoni. "Nyie mmekuja kula au kuhani matanga? Samaki wangu hawa wamekufa kwa ajili yenu! Angalau mmoja wenu atabasamu basi."

Mgeni alijaribu kutabasamu. Akatia tonge mdomoni, akalitema kwenye leso.

"Sasa nipeleke ngomeni," alisema. "Upande wa nyuma, kwenye miamba. Pasipo na watu."

Shazli aliwaza kuelekea kituo cha polisi. Akamwaza binti yake, na ile bilauri ya maji. Akashika njia ya kando ya bahari. Vijana walikuwa wakiimba ukutani, wauza mahindi wakipepea makaa, na yeye alijihisi anapita mbele yao kama jeneza.

Nyuma ya ngome mawimbi yalipiga mawe na kurusha povu. Wavuvi wenye fimbo zao za kuvulia walikuwa mbali, upande wa pili. Shazli alimfunga farasi, akampapasa shingo, akaegemeza kichwa chake hapo.

"Binti yangu hana kosa," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Wala mke wangu. Yeye hata habari hizo hazijui."

"Najua, Shazli. Njoo huku."

Alikwenda. Alimwona mgeni akiingiza mkono ndani ya kanzu, kifuani, naye akafumba macho na kutamka shahada. Akangoja mlio wa bastola. Akasikia wimbi, kisha jingine, kisha kishindo kidogo kama cha mtu aliyeanguka.

Alifumbua macho.

Mgeni alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe lililolowa, kichwa wazi, kilemba kikipeperuka chini. Juu ya mikono yake miwili iliyonyooshwa kulikuwa na sanda, nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, kama anavyoileta huko kwao anayejitoa auawe au asamehewe.

"Kila mlango ulipobishwa, nilijua umefika," alisema, meno yakimgongana. "Nimechoka kukungoja. Mimi ndiye niliyemuua baba yako."