Wimbo wa Gogo

Gogo la mvule lilianza kuyumba katikati ya uwanja wa mbao, pale Temeke.

Watu wanane walioajiriwa asubuhi ile walikuwa wamelibeba mabegani, kila mmoja akienda kwa hatua zake. Wenye kazi walikuwa wameketi nje ya geti. Walikuwa wamegoma, na chama chao cha wafanyakazi kiliwakataza kugusa hata ubao.

"Leonardi!" nyapara akamwita mmoja wa wagomaji. Mzungu mwenye kiwanda alikuwa akimtazama kutoka barazani, kiko mdomoni. "Njoo uwaimbie."

Siku zote Leonardi ndiye aliyeimba, wenzake wakaitikia, ili miguu yote inyanyuke pamoja. Hakusimama.

"Hubebi kitu, bwana," nyapara akasema. "Kuimba nako ni kazi?"

"Kama si kazi, imba mwenyewe."

Lakini mzee aliyebeba nyuma kabisa alikuwa ameanza kukunja magoti. Jasho lilimwingia machoni, naye hakuwa na mkono wa kulifuta. Angeanguka yeye, gogo lingewaponda wote.

Leonardi akainuka. Nyuma yake mwenzake mmoja akatema mate.

"Haya, simama!" akaimba.

"Eee!" wakaitikia wale wanane. Miguu ikatulia. Nyapara akatabasamu.

"Haya, kwa pamoja!"

"Eee!"

"Haya, tua!"

Gogo likatua kwa kishindo, pale pale katikati ya uwanja.

"Nani kakwambia watue?" nyapara akafoka.

"Wimbo wenyewe ndivyo unavyoisha, bwana."

Mzee akajifuta macho, akatoka getini taratibu, akasimama mbele ya wagomaji.

"Sogeeni kidogo, nami nikae," akasema.